Alisalimia Behewa Zima

Jumapili, 14 Juni

Baba Furaha,

Leo nimekusikia. Tangu tukuzike naiona sura yako kila siku, ila sauti ilikuwa haiji, na nilianza kuogopa kwamba imeshapotea. Asubuhi nimepanda treni ya kwenda kanisani, na kabla sijakaa mdomo wangu ukasema wenyewe, "Jambo yenu, wapendwa!" Watu wakanitazama.

Hivyohivyo ulifanya Johannesburg, siku ile tulipotoka Durban kwenda kutembea tu, sisi wawili. Uliingia kwenye treni ya chini ya ardhi, ukavua kofia, ukasalimia behewa zima kama vile tumeingia nyumbani kwa mtu kwetu Bukavu. Kila mmoja na simu yake.

"Keti, unanitia haya," nikakunong'oneza.

"Mama Furaha, tumewakuta hapa. Tusiposalimia, si watasema tuko wezi?"

Ukacheka peke yako. Kisha bibi mmoja wa Kizulu akaitika, "Yebo, baba," na vijana wawili wakafuata.

Kila tuliposhuka tukapanda juu kutazama mji, tukirudi chini ulisalimia upya. Nilijifanya sikujui. Ulikuwa unapenda sana nikifanya vile.

Leo hakuna aliyeniitikia. Lakini ile "wapendwa" imetoka na mkwaruzo wa sauti yako, mpaka nikalia kidogo, nikafurahi. Kesho ikinipotea tena, sijui...

Huko uliko najua unasalimia kila mtu. Na mimi unitaje.