Jino Lililongoja Idi

Muyeye, Malindi

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii ya kusi? Huku kwa shangazi tu wazima, isipokuwa jino langu.

Unakumbuka nilikupigia simu Ramadhani, siku niliyoteleza bombani skuli nikitawadha? Nilikwambia jino la mbele limekatika kidogo. Sikukwambia kwamba katikati palionekana kidoa chekundu, na nikivuta pumzi kinauma. Uliposema, "Ngoja Idi, mwanangu, usije ukavunja saumu kwa maji ya daktari," nilifurahi, maana naogopa madaktari. Baada ya siku chache maumivu yakaisha yenyewe, nikadhani nimepona. Kumbe jino lilikuwa limekufa.

Idi ilipopita, ufizi ukavimba. Nikasoma kwenye kompyuta ya maktaba kuwa wataalamu wanatengeneza kitu laini, mfano wa halua isiyoshika bado, wanakitia ndani ya jino ili nyama yake iote tena na ijenge ukuta mpya. Nikanakili kurasa nne daftarini. Shangazi alicheka: "Wee msomi, jino si mkia wa mjusi!"

Kwa daktari nilishindwa kusema, nikampa daftari, ambamo nilikuwa nimeeleza pia siku niliyoteleza na kile kidoa chekundu. Alisoma zote nne, na watu wanangoja nje.

"Umeandika vizuri, binti. Lakini haya bado yanajaribiwa, na hapa hatuna. Tena huwafaa zaidi watoto ambao mzizi wa jino haujafunga nchani. Wako ulishafunga, na usaha umeula." Akanitazama. "Mbona hukuja siku ile ile? Ningekifunika kile kidoa kwa dawa, jino likajijengea ukuta lenyewe."

"Nilikuwa na saumu."

"Jioni je, baada ya kufuturu? Nani alikwambia ungoje mpaka Idi?"

Nikasema ni mimi mwenyewe.

Nakuandikia kabla shangazi hajakupigia, Mama. Usijilaumu. Wewe ulijua jino limekatika tu. Kidoa nilikificha mimi. Alhamisi linang'olewa. Kurasa zangu sijazichana, ila sizisomi tena.

Nisalimie baba akirudi sokoni, na bibi, umwambie mkeka wake naulalia kila siku. Na mdogo wangu Athumani, nasikia jino lake linatikisika na analia usiku kucha. Mwambie anyamaze. Lake litaota jingine.

Mwanao akupendaye,
Rukia