Mbegu Tulizokula Matangani

Mama,

Mvua imekuja, hii ni wiki ya pili. Ilianzia upande wa Timboroa, ikashuka mpaka hapa kwako Ainabkoi, na vumbi la miezi minne likalala. Majirani walitoka nje kumshukuru Mungu. Mimi niliingia chumbani mwako nikalia, kwa sababu tangu tukuzike nilikuwa naiogopa mvua hii.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ya pili ya matanga akina mama wa kanisa walinijia wakasema viazi vimeisha na wageni bado wanafika. Kichwa changu hakikuwa changu. Nikatoa ufunguo wa stoo, nikawaambia wachukue vilivyomo. Walipokuwa wakimenya niliona machipukizi yamejaa kwenye beseni. Niliyaona, Mama, na bado sikuelewa. Nilidhani ni viazi vilivyozeeka tu. Miaka kumi na tano ya kuishi mjini, mtaa wa Munyaka, imenifundisha kununua viazi kwa ndoo, basi. Watu walikula wakavisifu. Hata mimi nilikula sahani nzima.

Wiki iliyofuata nikafungua stoo nifagie. Nilikuta zile nyasi ulizofunikia mbegu zimetupwa kando na chini hakuna kitu. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia tukiwa wadogo: "Hizi si za kula, hata njaa iingie na viatu." Mbegu uliyopewa na mama yako, ukaibeba kwa kiondo ulipokuja huku kuolewa. Uliitunza maisha yako yote, nami nikaimaliza kwa mlo mmoja. Nimeizunguka Ainabkoi yote nikiulizia vile viazi vyekundu vyenye macho marefu. Wananionyesha vya dukani. Wazee wanasema hivyo vilipotea zamani. Na sasa mvua ya kupandia imefika, nami sina mbegu yako.

Leo asubuhi nimeshika jembe nikaenda shambani, nionekane tu nalima, watu wasiniulize maswali. Kule chini karibu na ua, pale ulipovuna mara ya mwisho, nimekuta maotea, viazi vilivyosahaulika ardhini vikachipua vyenyewe. Mashina sita. Nimefukua moja kidogo kwa vidole, nikaona ngozi nyekundu. Ni vyako. Nimefurahi, nikapiga magoti hapo hapo kwenye matope.

Halafu furaha ikaniisha. Wewe hukuwa unaacha kiazi ardhini. Ulikuwa unarudia mstari mara mbili, na tukiacha hata kimoja unatuita turudi. Sasa umeacha sita mahali pamoja. Ulikuwa huwezi tena kuinama, Mama, na ulituambia kwa simu kwamba kiuno kinasumbuliwa na baridi tu. Tukakuambia uvae sweta.

Najua ungesema niyang'oe. Maotea huleta ugonjwa, hiyo ndiyo sheria yako, na kweli shina moja lina madoa meusi kwenye majani. Hilo nimeling'oa. Matano nimeyapalilia. Huenda yasiivumilie baridi ya Julai, sijui. Lakini nitakachochimba, hata kiwe kimoja cha ukubwa wa kidole gumba, hakitaona sufuria. Nitakipanda tena, na huo ufunguo sitampa mtu.

Kwaheri, Mama. Ukitaka kunisamehe, anza na lile la sweta. La viazi linaweza kungoja.

Wambui wako