Darubini mbili, na nyota yetu haipo

Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua ilinyesha asubuhi, halafu jua likatoka kali, na sasa mtaa wetu wote wa Bwiza unafuka mvuke. Umeme haupo tangu jana. Nina simu yenye chaji kidogo na moyo usiotulia.

Shajara yangu, nimeolewa mwezi mmoja na siku nne. Mume wangu (bado naona raha kuliandika neno hilo, mume wangu, mume wangu) anaitwa Yasini, ni fundi wa injini. Siku kumi na moja baada ya harusi aliitwa Kigoma kutengeneza meli ya mizigo. Jioni ya mwisho tulisimama uani wakati wa magharibi, akanionyesha nyota kubwa iliyokuwa ikiwaka juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Akasema kila jioni yeye ataiangalia akiwa kule, mimi niiangalie nikiwa hapa, na kwa dakika hizo tutakuwa pamoja.

Nani mwingine ana mume kama huyu?

Na mimi nimeipoteza.

Ilikuwa ikishuka kidogo kidogo kila jioni, nikajifanya sioni, mpaka siku moja milima ikabaki peke yake. Leo ni siku ya kumi na mbili. Yasini akipiga simu baada ya isha, ananiuliza kama nimeiona. Nasema nimeiona. Naye ananijibu, "Na mi pia, mpenzi. Leo inawaka kushinda jana." Tukimaliza kuongea nalia kwenye mto wake.

Nimeyalaumu macho yangu. Juzi nililaumu hata mapenzi yangu, kwamba labda hayatoshi. Kisha nikapata wazo: labda nyota imefifia tu, na darubini ingeivuta karibu.

Shangazi yake Yasini yuko Maskati, anarudi kesho, na aliniahidi zawadi ya harusi nitakayoichagua mwenyewe. Leo alinitumia sauti akiwa dukani. Darubini ziko mbili. Moja ni ya kompyuta: unaandika jina la nyota, inageuka yenyewe mpaka inaipata. Nyingine ni ya mkono: unaisukuma mwenyewe unakotaka. Bei ni moja, ila ya mkono ina kioo kikubwa zaidi. Anataka jibu kabla duka halijafungwa.

Nilitaka ya kompyuta, bila kufikiri. Kisha akauliza, "Nyota yako inaitwa nani, binti yangu?"

Nikamwambia ni ile kubwa ya juu ya Kongo. Akacheka. "We unapenda kitu hata jina hujui?" Akaongeza kwamba, kwa maelezo ya mwenye duka, ukiiwasha ni lazima kwanza uionyeshe nyota mbili unazozijua, ndipo itazitambua nyingine.

Mimi naijua moja, na hiyo ndiyo imepotea.

Nikakaa chini jikoni. Ya kompyuta inataka jina, na umeme pia. Ya mkono inataka nijue pa kuielekeza. Nilikuwa nalia wazi wazi mama mkwe alipoingia na ungo wa mchele.

"Kuna mutu amekufa?"

"Apana, mama." Nikamweleza yote.

Akaendelea kuchagua mchele. "Ile taa kubwa ya kule Kongo? Imehama. Siku hizi inatokea huku kwenye milima yetu, kabla ya adhana ya alfajiri. Mi naiona nikitawadha. We utaiona wapi, bibi harusi, na unalala mpaka jua linakugonga?"

Niliruka kwa furaha. Halafu nikasimama.

Kama imehamia alfajiri, Yasini anaona nini jioni?

Nilichukia kwa kama robo saa, sitaficha. Alinidanganya kwa sauti ile ile tamu aliyoniposa nayo. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi nimemdanganya usiku kumi na moja mfululizo, kwa sauti tamu vile vile.

Nimemwandikia shangazi: ya mkono. Nataka kuisukuma Kongo jioni na milimani alfajiri, bila kuulizwa majina. Kisha nimemwandikia mume wangu: "Sijaiona tangu Jumamosi ile, leo siku ya kumi na mbili. Nilisema uongo. Na we?"

Alisoma. Nikahisi ndoa yangu imeishia kwenye simu yenye chaji asilimia tisa.

Akajibu: "Mi tangu Ijumaa, siku moja kabla yako. Nilijua we unaiona, nikaogopa kukuambia imenipotea."

Nimemwambia aamke kabla ya adhana, atazame mashariki. Amesema ataamka. Mama mkwe amesema atanimwagia maji nisipoamka.

Ila sasa hivi naona mawingu mazito yanajikusanya juu ya milima, upande ule ule. Nikiamka nisiione, nitaweza kumwambia ukweli pale pale atakaponiuliza?