Jiko Ulilomtumia Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una afya, na kwamba wifi na watoto hawajambo, hasa yule mdogo aliyekuwa na homa ya mara kwa mara. Sisi huku tunapumua, na ukiniuliza habari za siku hizi, hilo ndilo jibu la kweli nililonalo. Baba anakula kidogo, analala kidogo na anazungumza sana. Mimi nimerudi kazini kwenye duka la mikate, maana watu wanataka mkate hata kama wewe umefiwa.

Najua umepiga simu mara nyingi na sikupokea. Usidhani ni jeuri. Siku hizi simu yangu ikilia, Baba huja kuketi karibu nami na kuniamuru niweke sauti ya juu asikie nani anasema nini, na haya niliyonayo hayasemeki mbele yake. Ndiyo sababu nimeandika, na barua nimempa binamu yetu anayesafiri kuja huko. Unamjua asivyoweza kukaa na neno la mtu, kwa hiyo nimeifunga kwa gundi na juu ya gundi nikaweka utepe. Ukiikuta imechanika, mgombeze kwanza ndipo usome.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliniuliza jambo moja tu: je, ni lile jiko? Nitakujibu, Kaka, ila nivumilie nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikikupa jibu bila habari yake utalielewa vibaya.

Siku lile jiko lilipofika, Mama hakulala mchana kama kawaida yake. Alilizunguka, akaligusa mfuniko, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo. Ulikuwa umemwahidi kwamba hatapuliza mkaa tena na kifua chake kitapumzika, na ahadi uliitimiza. Ulitueleza kwa simu jinsi linavyofanya kazi: sanduku la ubavuni unalijaza punje za mbao iliyosagwa na kushindiliwa, parafujo ndefu inazivuta punje polepole mpaka kwenye kikombe cha moto, feni inapuliza, na kioo kinaonyesha joto. Mama alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama lina akili kumshinda mumewe. Baba alikuwa ameketi palepale. Alijibu kwamba kitu kinachokula kuni na umeme kwa pamoja ni kilafi, na kilafi hakina akili.

Tuliliweka kwenye baraza ya nyuma, chini ya bati, jirani na stoo tulikohifadhi magunia ya punje. Kule barazani hakuna soketi, basi waya tukaupitisha dirishani hadi kwenye soketi ya korido, mkabala na mlango wa chumba cha Baba. Mwanzo ulikuwa mzuri. Kuku wa kuchoma aliokuwa akiwauza Mama walisifiwa mtaa mzima. Jirani yetu mshonaji alikuja kushukuru kwamba nguo za wateja wake hazinuki tena moshi wa mkaa. Mama alikuwa akiketi kwenye kiti na kufuma vitambaa huku kuku wakiiva wenyewe, na aliniambia kwamba anaona haya kuketi wakati kazi inafanyika. Sikuwahi kumwona amepumzika hivyo tangu nizaliwe.

Kisha jiko likaanza vituko. Asubuhi tukiliwasha lilitoa moshi mzito wa manjano, kioo kikaandika kwamba kuna hitilafu, na tukifungua ndani tunakuta kikombe kimejaa punje ambazo hazikuungua. Mara likaja kuzimika kuku wakiwa nusu wabichi. Siku moja nilikuta ukuta wa sanduku umekuwa mweusi kwa ndani. Mama alisema ni unyevu tu. Baba alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akiwa na maana kwamba mkuu ni yeye na guu ni letu.

Nilijiunga na kundi la kwenye simu la watu wenye majiko ya aina hiyo. Kaka, sijapata kuona watu wanaopenda kitu na kukitukana kwa pumzi moja namna ile. Mmoja aliapa kwamba lake limempikia miaka na halijawahi hata kukohoa. Mwingine alisema parafujo yake hukwama kila msimu wa mvua, kwa sababu punje zikinywa unyevu huvimba na kuwa uji. Mama mmoja alisema kile kipima joto kikishika mafuta huanza kusema uongo, na kuku wake walitoka wabichi mbele ya wakwe. Nilifuata kila ushauri. Nilianika punje juani, nikafuta mafuta, nikazoa majivu kila siku. Jiko likakaa vizuri siku mbili tatu, likarudia. Mtu mmoja katika kundi aliniuliza analizima nani, na analizima vipi. Nilimjibu kwamba ni Mama, kwa kubonyeza kitufe kama maelekezo yanavyosema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Fundi naye alikuja mara kadhaa. Mbele yake jiko lilikuwa na adabu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Aliliwasha likawaka, akalizima likazimika, akafunga mfuko wake akaondoka, na mimi nikabaki nikionekana mzushi. Nilitaka kukwambia yote haya mapema. Mama alinikataza. Alisema mtoto akikupa zawadi humrudishii kasoro zake, na kwamba huko uliko una mambo yako ya kutosha.

Siku yenyewe umeisikia kwa watu, lakini hukusimuliwa ilivyokuwa. Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Wateja walishaondoka, Mama akabonyeza kitufe, akaingia ndani kuosha vyombo. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kazini, nabadili nguo. Nikasikia harufu ya moshi ambao haukuwa wa nyama. Nilipofika barazani lile sanduku la punje lilikuwa linawaka, na mlango wa stoo ulishashika. Mama alikuwa mbele yangu, amejifunga kitambaa kilicholoa mdomoni, anaingia stoo kuyavuta magunia. Nilimwita aache. Akanijibu kwamba ukuta ule ni wa chumba cha Baba, na Baba amejipumzisha ndani. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa. Baba alitoka salama; Mama tulimtoa mimi na mshonaji, nywele hazijaungua hata moja, lakini kifua chake unakijua kilivyokuwa, na moshi wa stoo ile haukuwa wa kuvutwa na mtu mzima wa afya, sembuse yeye. Hospitali walifanya walichoweza. Hakuzungumza tena.

Baba mdogo alikwambia jiko lililipuka. Halikulipuka, Kaka.

Baada ya mazishi fundi alikuja kutoa pole, akaniomba aangalie mabaki. Alifungua lile bomba la parafujo, akanionyesha masizi yaliyotoka kwenye kikombe cha moto mpaka kwenye sanduku, njia nzima. Alisema moto ulitembea kinyumenyume. Alinieleza taratibu kwamba jiko lile ukilizima kwa kitufe halifi papo hapo; feni huendelea kupuliza kwa muda mpaka makaa yaliyobaki yaishe. Plagi ikichomolewa kabla feni haijanyamaza, makaa hubaki hai na kutambaa taratibu kwenye punje zilizomo ndani ya parafujo. Mara nyingi hufa njiani, na kesho yake ndipo unapoona moshi ule, na kikombe kilichojaa, na kioo kinacholalamika. Siku nyingine hayafi. Akaniuliza kama umeme wetu hukatika jioni. Nikamwambia haukatiki. Nilikuwa bado nasema haukatiki nilipoingia korido kuufuata ule waya.

Kipande cha ndani hakikuungua. Plagi haikuwa kwenye soketi. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri, mikunjo iliyolingana, na katikati umefungwa kwa ukanda wa kitambaa.

Wewe na mimi tunajua ni nani hukunja waya namna hiyo. Ni yule tuliyemwita Bwana Swichi tukiwa wadogo, tukimwiga nyuma yake anavyozunguka nyumba: redio chomoa, pasi chomoa, taa ya mezani chomoa. Miaka yote aliyokuwa mtunza stoo kiwandani, kazi yake ya mwisho kabla ya kufunga geti ilikuwa kukata umeme, na kile kiwanda hakikuungua hata siku moja mikononi mwake. Alipostaafu kazi hiyo akaja nayo nyumbani. Friji ilipona kwa sababu tu Mama alisimama mbele yake akagoma.

Sikuhitaji kumuuliza, maana alinieleza mwenyewe siku chache baadaye, tukiwa tumekaa wawili. Alisema Mama yenu alikuwa amezeeka, alikuwa anasahau. Kila jioni yeye akiamka hukuta feni inavuma kule nje na hakuna mtu, naye humchomolea, akanyamaza, asimwaibishe mbele yetu. Siku ambazo Baba alikuwa na wageni au ametoka, ndizo siku ambazo kesho yake jiko liliamka vizuri. Alikuwa anamfichia mkewe aibu ambayo haikuwepo.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika. Siku ile fundi alipokuja kuangalia mabaki, Baba alitokea akatukuta barazani, shangazi na baba mdogo wakiwa nyuma yake. Akauliza fundi amegundua nini. Fundi akanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka korido na uso wangu bila shaka ulikuwa umeshasema kitu. Nikamtazama Baba mikono. Nikajibu mimi, kabla fundi hajafungua kinywa, kwamba amesema mashine ilikuwa mbovu tangu huko ilikotoka. Fundi aliinamisha kichwa akaanza kukusanya vifaa vyake. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikamwomba neno lile libaki hivyohivyo, akakubali kwa shingo upande, akaniambia nisije kumlaumu siku litakapooza.

Baba aliposikia aliyazunguka yale mabaki. Kisha akasema kwamba basi mwanawe amemletea kifo ndani ya sanduku, na kwamba yeye akiwa hai usikanyage nyumba hii. Shangazi alilia. Baba mdogo alisema mzee ana uchungu, yatapita. Mimi niliyejua nilinyamaza. Nilifunika kombe, Kaka, na aliyebaki nje ni wewe.

Wageni bado wanakuja. Kila anayekuja, Baba humsimulia kwamba siku ile yeye alichomoa waya, kwa mkono huu, huku ameuinua, na kwamba laiti angeamka mapema kidogo akauchomoa mapema zaidi, mkewe angekuwa hai. Watu humwambia pole mzee, ulijitahidi. Mimi huwa nimeshika sinia la chai.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Jiko lako lilikuwa zima. Lilikuwa jiko jema, Mama alilipenda, na halikumuua. Nimeona kwamba lazima angalau mtu mmoja akwambie.

Na baada ya kukwambia, nakuomba ulibebe hivyohivyo. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, na kwa kuwa ni mimi ninayekutwika, sithubutu kusema ni mwepesi. Najua una tiketi. Nakuomba usiitumie sasa. Akipiga simu kukulaani, na atapiga, usijitetee, wala usimuulize mambo ya feni na plagi. Mwambie tu umesikia. Nilipima kati ya mzee aliyebakiza siku chache na wewe mwenye mke, watoto na nguvu za mwili, nikachagua uumie wewe. Sikukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ungesema ngoja tufikirie, na Baba alikuwa amesimama mbele yangu anasubiri jibu. Nakukosea na najua ninavyokukosea. Lakini nikirudishwa barazani siku ile, nitajibu vilevile.

Kama huwezi, sitakulazimisha. Njoo, umwambie mwenyewe, nami sitakuita mwongo. Mdomo wa kumwambia ndio sina.

Kaburi la Mama nalitunza. Tumempandia maua yale mafupi meupe aliyokuwa akiyamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, na yameshika. Ukija siku moja, hata kama si nyumbani, nitakupeleka.

Nisalimie sana wifi na watoto, na umwambie mkubwa kwamba picha yake nimeiweka kwenye mkoba wangu. Mshonaji anakusalimu. Shangazi anakusalimu, ameniambia nikuandikie hivyo kwa siri. Baba hakukutumia salamu. Ningeweza kuandika kwamba amekusalimu, kama barua zote zinavyosema, lakini wewe nimeamua sitakudanganya.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kwa Mama.