Baba kwenye picha za ndoa ya Eliane

Ezéchiel, mdogo wangu,

Sombe iko jikoni, upashe tu moto. Usizime kompyuta, bado inageuza picha.

Asubuhi nilianza kugeuza zile picha mbichi za kamera yako ziwe BMP, maana hii kompyuta yetu nzee haifungui kitu kingine. Ndizo za ndoa ya ndugu yetu Eliane, ambazo hatujawahi kuziona. Ya arobaini na moja ilipofunguka, nikamwona Baba. Amesimama nje ya geti la kanisa, kofia mkononi, anatuangalia.

Baba huyo huyo tuliyesema amesusa, hakuja! Na minye mwenyewe ndiye nilimwambia akiwa kitandani: "Ulimkataa mtoto wako siku ya ndoa yake." Aligeukia ukuta, na siku ya tatu tukamzika.

~~Uifute mbele Mama hajarudi sokoni.~~ Hapana, usiifute. Mwonyeshe, lakini ukae karibu yake. Minye nimeifungua mara nne, na kila mara naona kama anangoja mtu amwambie aingie.

Funga mlango wa nyuma, mbuzi wasiingie.

Naenda Kalundu kumwambia Eliane kwamba baba yake alikuja.

Dada yako