Kaka Salum, Programu Yako ya Maji Imegoma

Kaka Salum,

Shikamoo. Naona haya hata kukuandikia, maana nimeiharibu programu yako.

Tangu ulipotuacha, ile kompyuta ya mtumba uliyomletea Baba hapa Nyamisati iliendelea kutoa karatasi ya saa za maji kujaa, na abiria wa mashua za kwenda Mafia wakaizoea. Mimi nikaichukua programu kwa flopi hadi shuleni Kibiti, kwenye kompyuta yenye toleo jipya la Haskell, ile lugha uliyoandikia programu. Ikakataa. Neno lako map, la kugeuza kila kitu kimoja kimoja, siku hizi linakubali orodha tu. Kwa vitu vingine, kama jedwali lako la mwezi, watunzi wa lugha wanataka fmap. Nikabadilisha kila mahali, ikakubali. Mwalimu akanisifu mbele ya darasa, nami kichwa kikavimba. Nikarudi nyumbani, nikaifuta yako, nikaweka yangu.

Mashine ya Baba haijui fmap ni nini.

Karatasi haikutoka. Mama mmoja wa Mahege, aliyekuwa akiwahi arusi ya bintiye, akafika mashua imeshakaa kwenye tope. Abiria mwingine akacheka, "Kompyuta ya marehemu imemfuata mwenyewe!" Baba hakucheka. Alisema tu, "Tuiuze. Aliyeijua hayupo."

Nilikimbilia jikoni, kaka. Sikuweza kumwambia kwamba ni mimi.

Mama alikuwa akikuna nazi. Akasema, kama anajisemea, "Babu angeitengeneza." Unakumbuka, kwa heshima hawezi kutamka Salum, jina la mkwewe ulilorithi. Baba akiita Salum, Mama akiita Babu, nawe ulikuwa ukiitika "naam" kote kote, wala hukuwahi kuwa watu wawili.

Basi nimeandika neno letu wenyewe: geuza. Programu nzima sasa inaita geuza tu. Pembeni kuna faili dogo. Kwenye mashine ya Baba litasema geuza ni map. Kwenye ya shule linasema ni fmap. Wakibadilisha tena, nitagusa faili hilo, sitagusa kazi yako. Shuleni imekubali. Ya Baba sijaijaribu, kwa sababu kwanza nataka ajue nani aliyeiharibu.

Ninakwenda kumwambia sasa hivi, kabla hajapata mnunuzi. Nakuahidi sitafuta tena kitu chako kwa ajili ya kusifiwa.

Pumzika, Salum. Pumzika, Babu.

Mdogo wako,
Zuhura