Mfereji wa Pili

Thika, Jumatano, 1958

Sasa mke wangu nitamwambia nini?

Leo asubuhi Bwana Msimamizi wa lokesheni, mtaa wetu Waafrika, aliniita mezani kwake. "Karani, andika tangazo. Mfereji wa pili wa maji hautajengwa." Nikamwuliza kwa nini, na bomba limeshachorwa kwenye ramani. Akasema kilabu cha pombe cha baraza la mji hakina wateja tangu Krismasi, na maji yetu Waafrika hulipiwa na faida ya ile pombe. Hakuna mfuko mwingine. Kodi ya wenye maduka ni ya barabara za wenye maduka.

Miaka minne ni mimi ninayepiga chapa barua za ofisi hiyo, na sikuwahi kuliona jambo hili. Au niliona nikanyamaza. Sijui.

Maana aliyekimaliza kilabu ni mke wangu, Mama Gathoni. Yeye na akina mama wa kanisa walisimama mlangoni kila Jumamosi wakiimba, mpaka wanaume wakaona haya wakarudi makwao. Nilijivunia sana. Hata sasa najivunia, na hiyo ndiyo shida.

Na ni yeye huyo anayepanda kutoka mto Chania na debe la maji mgongoni, kamba ikimkata paji la uso.

Tangazo litabandikwa kesho. Jioni hii, chakula kikiwa mezani, aliomba. Alimshukuru Mungu kwa kukifanya kilabu kitupu, kisha akamwomba mfereji.

"Baba Gathoni, mbona huitikii?"

Nikasema amina. Moja tu, kwa yote mawili.